Udongo Usiokunywa Maji: Kisa cha Majitaka ya Shule ya Bweni katika Uwanda wa Kano

Kisa hiki kinahusu shule moja ya sekondari ya bweni, zahanati iliyo jirani nayo na soko dogo la kando ya barabara katika uwanda wa Kano, mashariki mwa jiji la Kisumu, ambako mto Nyando hushuka kutoka nyanda za juu kuelekea Ghuba ya Winam. Jina la kituo nimeliacha makusudi, na idadi za watu na ujazo wa maji nimezikadiria kwa viwango vya kawaida vya usanifu ili msomaji aweze kuifuata hesabu na kuibadilisha kulingana na shule yake. Mengine, yaani udongo, mafuriko, mpangilio wa majengo na mfuatano wa maamuzi, ni mambo ambayo yeyote aliyefanya kazi ya maji au ya afya ya umma katika uwanda huo atayatambua mara moja.

Hali ilivyokuwa

Shule ina wanafunzi wapatao 400, wote wa bweni. Kwa miaka mingi walitumia vyoo vya shimo, ambavyo katika Kano vina kasoro inayojulikana: wakati wa masika maji ya ardhini hupanda karibu na uso wa ardhi, shimo hujaa maji kabla ya kujaa kinyesi, na mafuriko yakipita juu yake huchukua kila kilichomo na kukitawanya uani. Mafuriko ya 2020 na yale ya 2024 yaliwaonyesha wakazi wa Nyando jambo hilo bila kuhitaji mhadhara wa mtu yeyote. Ndiyo maana bodi ya shule ilipopata fedha za ujenzi iliamua kuachana na mashimo kabisa. Vikajengwa vyoo vya kumwagia maji, mabafu mapya, na tangi la septiki lenye vyumba viwili ambalo maji yake yalipelekwa kwenye shimo la kunyonya lililojazwa mawe. Jiko nalo likaunganishwa kwenye bomba hilohilo.

Mchoro huo haukuwa mbaya. Ungetekelezwa Njoro au Bahati, kule Nakuru, kwenye udongo mwepesi uliotokana na majivu ya volkano, huenda maji yangezama kwa miaka bila mtu kuyakumbuka. Katika Kano yalizama kwa majuma machache tu. Masika yalipokolea, shimo la kunyonya lilirudisha maji juu, tangi likajaa hadi kwenye mifuniko, na maji meusi yakatafuta njia yake kupitia mtaro wa shule hadi kwenye mfereji mdogo unaolisha vishamba vya mpunga upande wa chini. Wakulima ndio waliolalamika kwanza, nao walikuwa na haki, kwa sababu wanaopandikiza mpunga husimama ndani ya maji hayo tangu asubuhi hadi jua linapokuwa kali.

Jaribio lililodanganya

Kiini cha kisa hiki kimo katika shughuli moja ndogo iliyofanyika kabla ya ujenzi kuanza, na inafaa kuielezea kwa kirefu kwa kuwa hurudiwa kwa namna ileile katika miradi mingi.

Mkandarasi hakupuuza udongo. Alichimba shimo dogo la majaribio, akalijaza maji, akatazama yanashuka kwa kasi gani, na akaandika katika ripoti yake kwamba ardhi inanyonya vizuri. Aliloandika ndilo aliloliona. Shida ni kwamba alilitazama mwezi wa Februari. Udongo mweusi wa Kano ni mfinyanzi unaovimba ukilowa na kunywea ukikauka, na mwishoni mwa kiangazi hupasuka nyufa pana za kumeza kiganja cha mkono, zinazoshuka chini kwa kina kirefu. Ukimwaga maji katika shimo lililochimbwa kwenye udongo wa namna hiyo, hayanyonywi na udongo wenyewe, bali hukimbilia kwenye nyufa. Kipimo kilichopatikana kilikuwa kipimo cha nyufa. Mvua ikishanyesha siku kadhaa, mfinyanzi huvimba, nyufa hufunga, na kinachobaki ni ukuta usiopitisha kitu.

Utaratibu unaofaa kwa udongo unaovimba ni kulijaza shimo la majaribio na kuliacha likiwa na maji usiku kucha, na ikiwezekana kwa saa 24, hadi udongo ushibe, kisha kuongeza maji hadi alama iliyowekwa na kupima yameshuka kwa kiasi gani katika kila nusu saa. Kazi hiyo haihitaji mtambo. Inahitaji jembe, ndoo, rula, saa ya mkononi na mtu aliye tayari kurudi siku ya pili. Mafundi wengi hawarudi, kwa sababu siku ya pili hailipwi.

Hesabu ingeweza kutoa onyo hilohilo hata bila jaribio. Tuchukue kwamba kila mwanafunzi hutumia lita 50 kwa siku kwa kuoga, kufua, chakula na choo, na kwamba asilimia 80 ya maji hayo hurudi bombani. Wanafunzi 400 watatoa lita 16,000 za majitaka kila siku. Viwango vya usanifu hukadiria kwamba mfinyanzi ulioshiba hupokea takriban lita 10 kwa siku katika kila mita ya mraba ya ukuta wa shimo, na huongeza hapohapo kwamba udongo huo haufai kwa mashimo ya kunyonya. Shimo lenye kipenyo cha mita 2 na kina cha mita 3 lina ukuta usiozidi mita 19 za mraba, maana yake litapokea lita zisizofika 200. Ili kuzamisha majitaka yake yote, shule ingehitaji mashimo ya aina hiyo zaidi ya 80, ilhali ilikuwa na moja.

Hatua ya dharura iliyofuata nayo iliongeza hasara. Mwezi wa Mei, uwanja ukiwa umelowa chapachapa, shule iliita eksosta, yaani lori la kunyonya majitaka, kutoka mjini ije ilinyonye tangi. Tangi lililozikwa na kuzungukwa na maji ya ardhini husukumwa juu kwa nguvu inayolingana na uzito wa maji ambayo limechukua nafasi yake. Tangi lenye ujazo wa nje wa mita 40 za ujazo husukumwa kwa nguvu ya tani 40, na likishatolewa vyote vilivyomo halibaki na kitu cha kulikalisha chini isipokuwa uzito wa zege lake. Hapa tangi lilinyanyuka kidogo tu, lakini kidogo hicho kilitosha kuvunja kiungo cha bomba la kuingilia. Tangu siku hiyo, sehemu ya majitaka ilikuwa ikivuja kabla hata ya kufika kwenye tangi. Tangi la septiki katika uwanda wa mafuriko hunyonywa wakati wa kiangazi, na hata wakati huo halimalizwi lote.

Yaliyomo ndani ya maji hayo

Ni rahisi kuzungumzia majitaka kana kwamba ni kitu kimoja. Katika shule hii yalikuwa mikondo mitatu, kila mmoja na tabia yake. Maji ya kuoga na kufua yalikuwa mengi kuliko mengine, yenye sabuni na vumbi, na uchafu wake ulikuwa wa wastani. Maji ya jikoni yalikuwa machache lakini mazito: mafuta, makombo ya ugali, maji yaliyochemshiwa maharagwe, na zaidi ya yote mchanga na majivu, kwa kuwa sufuria kubwa za shule husuguliwa kwa mchanga na majivu hadi zing'ae. Bomba la jikoni lilipofunguliwa lilikutwa limejaa mchanga hadi zaidi ya nusu ya upana wake, na juu ya mchanga huo kulikuwa na tabaka la mafuta yaliyoganda kama samli. Maji ya vyooni yalikuwa machache kuliko yote, lakini ndiyo yaliyobeba karibu vimelea vyote vya maradhi. Humo pia mlipatikana kurasa za madaftari, magunzi ya mahindi na taulo za hedhi, vitu ambavyo huishia chooni mahali popote ambapo mwanafunzi hakupewa karatasi ya chooni wala pipa lenye mfuniko.

Nguvu ya majitaka hupimwa kwa BOD, yaani kiasi cha oksijeni ambacho bakteria hutumia wanapouozesha uchafu uliomo. Kwa makadirio ya gramu 40 kwa mtu kwa siku, wanafunzi 400 hutoa kilo 16 za BOD, na kilo 16 ndani ya lita 16,000 ni miligramu 1,000 kwa lita. Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, ziliweka kikomo cha miligramu 30 kwa lita kwa maji yanayomwagwa katika mazingira, pamoja na sharti kwamba pasiwepo hata bakteria mmoja wa E. coli, ambao ni dalili ya kinyesi, katika mililita 100. Kikomo hicho kilikuwa kilekile kwa jiji na kwa shule ya kijijini. Mtu anaweza kukiona ni kikali mno kwa shule, lakini wanaokabiliwa na hatari wako chini ya mfereji, nao hawajali maji yametoka jijini au bwenini.

Kuhusu maradhi, mambo mawili yana uzito wa pekee katika uwanda huu. La kwanza ni kipindupindu, ambacho Aprili 2025 Wizara ya Afya ilitangaza kwamba kimezuka katika kaunti za Migori, Kisumu na Nairobi. La pili ni kichocho, ambacho kimekuwa katika Kano na pwani ya ziwa kwa muda mrefu. Mayai yake hutoka katika mkojo au kinyesi cha mtu aliyeambukizwa, huanguliwa majini, na lava wake, yaani kimelea kichanga, huingia kwenye konokono kabla ya kutoka tena na kupenya ngozi ya anayesimama majini. Mifereji ya mpunga ina konokono. Mradi wa umwagiliaji wa Ahero ulianza mwaka 1969, na tangu hapo maji yaliyotulia yamekuwa sehemu ya mandhari ya Kano mwaka mzima. Kwa hiyo mkondo wa vyoo vya shule unapoingia mfereji wa mpunga, kichocho hakikosi kitu hata kimoja kinachohitaji ili kiendelee.

Njia zilizopimwa

Njia ya kwanza kupendekezwa ilikuwa kuita eksosta kwa ratiba. Haikuhitaji mjadala mrefu. Lita 16,000 kwa siku ni safari moja hadi tatu za lori kila siku kutegemea ukubwa wa tangi lake, kwa barabara ambayo wakati wa mvua haipitiki, na hakuna bajeti ya shule inayoweza kubeba gharama hiyo.

Ya pili ilikuwa mabwawa ya kutulizia majitaka, mfano wa yale ya Nyalenda yanayohudumia sehemu ya jiji la Kisumu. Mabwawa yana sifa kubwa: jua na muda huua vimelea vizuri kuliko mbinu nyingine yoyote isiyohitaji umeme wala dawa, na usimamizi wake si mgumu. Katika jiji lenye ardhi iliyotengwa na wafanyakazi wa kudumu ningeyachagua bila kusita. Katika shule iliyozungukwa na mpunga mambo hubadilika. Bwawa la mwisho, lenye maji yaliyokwisha kusafishwa kwa sehemu kubwa, huwa makao mazuri ya konokono na mbu, na kingo zake zisipofyekwa kila mara huota majani na uzuri wake wote hupotea. Halafu kuna mafuriko. Bwawa la wazi likishafunikwa na mto hukoma kuwa bwawa, na kilichokuwa kimehifadhiwa ndani yake kwa majuma kadhaa hutoka chote kwa mara moja.

Ya tatu ilikuwa kitanda cha kokoto kilichopandwa mafunjo, ambamo maji hupita chini ya uso wa kokoto bila kuonekana. Mbu hapati pa kutaga mayai, konokono hapati pa kukaa, na mtoto hawezi kutumbukia. Bakteria waliojishikiza kwenye kokoto na mizizi hula uchafu, nayo mafunjo huvuta maji na kuyatoa hewani kwa wingi. Mmea wenyewe haununuliwi. Umeota kando ya mto. Kwa shule hii ugumu ulikuwa kokoto. Ili kufikia miligramu 30 kwa lita, wasanifu waangalifu hawakipi mzigo mkubwa kitanda cha aina hii, hukiwekea takriban gramu 6 za BOD kwa kila mita ya mraba kwa siku. Tuseme kwamba mbele ya kitanda kunajengwa tangi la vizuizi, ambamo maji hulazimishwa kupanda na kushuka kati ya kuta kadhaa na kupita katikati ya tope lenye bakteria, na kwamba tangi hilo huondoa asilimia 70 ya mzigo. Zitabaki kilo 4.8, ambazo zinahitaji kitanda cha mita 800 za mraba. Kwa kina cha sentimita 60, hizo ni mita 480 za ujazo za kokoto, na kwa lori la mita 7 za ujazo ni safari karibu 70. Uwanda wa Kano hauna mawe. Kila kokoto hutoka kwenye miinuko ya pembeni, na nauli yake huzidi bei yake.

Hapo ndipo bodi ilipokaribia kukata tamaa, na hapo ndipo swali lilipogeuzwa. Badala ya kuuliza namna ya kusafisha kilo 16, iliulizwa kwa nini kilo zote 16 ziko ndani ya maji.

Kutenganisha mikondo

Pendekezo lililoungwa mkono hatimaye lilikuwa kuondoa kinyesi cha wanafunzi katika maji kabisa, na kusafisha maji ya mabafu, ya kufulia na ya jikoni peke yake. Vyoo vinakuwa vikavu na vya kuinuliwa: vyumba viwili vya kuhifadhia vilivyojengwa juu ya ardhi, juu ya alama ya mafuriko, kimoja kikitumika huku kingine kikipumzika, na mkojo ukitenganishwa. Kila anayetumia humwaga kopo la majivu, na majivu yapo tele kwa sababu jiko la shule hutumia kuni. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2006 hutaka kinyesi kikavu kihifadhiwe kwa zaidi ya mwaka mmoja katika maeneo yenye joto la nyuzi 20 hadi 35, na muda huo unahitajika hasa kwa ajili ya mayai ya minyoo, ambayo ni magumu kufa. Kwa joto la Kisumu, zamu ya mwaka mmoja na miezi kadhaa kwa kila chumba inatosheleza sharti hilo.

Bodi haikulipokea pendekezo hili kwa furaha. Wajumbe kadhaa walisema kwamba wazazi walikwisha kuahidiwa vyoo vya kisasa na kwamba choo cha majivu kitaonekana kama kurudi nyuma. Hoja hiyo haistahili kudharauliwa, kwani choo ni heshima pia. Aidha, historia iko upande wao kwa kiasi fulani: vyoo vikavu vya kutenganisha mkojo vilienezwa na miradi Magharibi mwa Kenya katika miaka ya 2000, na baadhi viligeuzwa stoo baada ya mradi kuondoka, kwa sababu hakuna aliyekuwa amepewa kazi ya kutoa kinyesi vilipojaa. Jibu langu kwa hoja hiyo ni kwamba choo cha maji kinachofurika uani si cha kisasa kuliko choo kikavu kisichonuka, na kwamba kosa la miradi hiyo lilikuwa la ajira zaidi kuliko la ujenzi. Maafikiano yaliyofikiwa ni kwamba vyoo vya maji vibaki kwa walimu na zahanati pekee, vikitumia tangi la septiki lililopo baada ya kukarabatiwa, na tangi hilo lifungiwe uzito wa zege juu ili lisinyanyuke tena. Maji yanayotoka humo yanaingia kwenye kitanda pamoja na mengine. Ni machache, lakini kwa sababu yake sharti la vimelea haliwezi kulegezwa.

Hesabu ilibadilika sana. Mkondo uliobaki ni takriban lita 13,000 kwa siku, na mzigo wake tukiukadiria kuwa gramu 15 kwa mtu ni kilo 6. Tangi la vizuizi likiondoa asilimia 70, kitanda cha mita 300 za mraba kinatosha. Kokoto zinashuka hadi mita 180 za ujazo, safari zipatazo 26. Gharama ya vyoo vilivyoinuliwa hula sehemu ya akiba hiyo, lakini haiimalizi.

Udongo uleule ulioharibu shimo la kunyonya una faida hapa. Kitanda cha kokoto kinahitaji sakafu isiyovuja, na mfinyanzi wa Kano uliolowa na kushindiliwa ni sakafu ya bure. Kasoro yake hutokea likizo ya mwisho wa mwaka, wanafunzi wanapoondoka na maji kukatika. Kitanda kikikauka, sakafu hupasuka nyufa zilezile za Februari. Mkondo mdogo wa zahanati na nyumba za walimu, ambao haukatiki, ndio unaokiweka kitanda katika hali ya unyevu, na hiyo ni sababu nyingine ya kuuunganisha. Tuta linalozunguka kitanda, ambalo liko nje na hupigwa jua, lipandwe nyasi na lisiachwe uchi.

Suala la kimo lilichukua muda kuliko nilivyotarajia. Kuinua kitanda juu ya mafuriko kungemaanisha kuyasukuma majitaka kwa pampu, na pampu inayosukuma majitaka yenye mchanga, nywele na nyuzi za nguo haimalizi mwaka. Iliamuliwa kitanda kichimbwe ardhini ili majitaka yaingie yenyewe kwa mteremko, kizungushiwe tuta la juu kuliko alama ya mafuriko ya 2024 iliyobaki kwenye ukuta wa bweni, na pampu ndogo ya sola iwekwe mwishoni, ambako inasukuma maji yaliyokwisha kusafishwa. Pampu hiyo ilihitajika hata hivyo ili kuyafikisha maji shambani. Bomba la kutokea lina kiwiko kinachozungushwa: kikisimamishwa, maji hupanda kitandani, na kikilazwa, hushuka. Mto ukijaa kiwiko hufungwa kwa kizibo ili mafuriko yasirudi ndani kupitia njia ya kutokea.

Maji yanakwenda wapi

Kitanda cha kokoto hupunguza bakteria mara nyingi lakini hakifikii sifuri, na kwa hiyo maji yake hayawezi kuruhusiwa mferejini. Nia ya mchoro ni kutomwaga hata tone nje ya uwanja wa shule. Maji yanapelekwa kwenye shamba la nepia, nyasi za kulishia mifugo, kwa mifereji ya chini, bila kurushwa hewani. Mboga za kuliwa zikiwa mbichi haziruhusiwi kabisa, na sukuma wiki ya shule inabaki kumwagiliwa maji ya kisima. Nyasi zikitumia milimita 5 kwa siku, lita 13,000 zinahitaji mita 2,600 za mraba, yaani karibu theluthi mbili za ekari, ambazo shule inazo nyuma ya mabweni. Nepia inalisha ng'ombe wa shule na ziada yake inauzwa, na fedha hizo ndizo zilizopangiwa mshahara wa mhudumu.

Wakati wa masika nepia haihitaji maji na ardhi haiyapokei. Likizo ya Aprili hupunguza tatizo, kwa kuwa wanafunzi huwa makwao katika sehemu ya kipindi kibaya zaidi, lakini Mei wamerudi na mvua haijaisha. Kwa majuma hayo mchoro unategemea nafasi ya akiba ndani ya tuta na agizo la kupunguza maji ya kufulia, kufua kukiwa Jumamosi pekee. Sioni kama hilo ni suluhisho kamili. Mwaka wenye mafuriko makubwa utalizidi, na mpango wa usimamizi umeandika wazi nani atampigia simu afisa wa afya ya umma na nani atawajulisha wakulima wa chini siku hiyo ikifika.

Mhudumu

Mtu mmoja ameajiriwa, na barua yake ya kazi inataja mambo ambayo kwa kawaida hayatajwi. Kila Jumamosi anafungua mtego wa mafuta wa jikoni, anaukokota utando kwa kijiko kirefu, anauchanganya na majani makavu na kuupeleka kwenye lundo la mboji. Anatoa mchanga kwenye kisanduku kilicho kabla ya mtego; wapishi wameombwa wasugue sufuria nje, kwenye slabu yenye kisanduku hicho, na katika mambo yote yaliyopangwa hili ndilo lililoleta nafuu ya haraka kuliko jingine. Anakagua mita ya kwanza ya kitanda, iliyojazwa mawe makubwa kuliko kokoto za katikati ili isizibe upesi. Maji yakionekana juu ya mawe hapo, anakilaza kiwiko kidogo, na yasiposhuka, mawe ya sehemu hiyo hutolewa na kuoshwa. Anafyeka mafunjo kwa zamu, nusu ya kitanda kwa mara moja. Anaziba chumba cha choo kilichojaa na kuandika tarehe kwa rangi mlangoni. Amepewa glavu, buti na dawa za minyoo, na bodi imekubali kwamba akiugua au kuondoka nafasi yake isikae wazi kwa zaidi ya juma moja.

Soko

Vibanda vya chakula vya sokoni, ambako samaki hukaangwa na vyombo huoshwa kwenye karai, vinamwaga maji yao katika mtaro uleule wa barabara unaofika kwenye mfereji wa mpunga. Shule ikifaulu kabisa, mfereji bado utapokea uchafu huo. Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti huduma za maji na usafi wa mazingira, na Ibara ya 43 inamhakikishia kila mtu viwango vya kuridhisha vya usafi, lakini soko halina bodi, halina ardhi yake na wenye vibanda hubadilika kila msimu. Ushauri uliotolewa kwa kamati ya soko ni kuanza na mtego mmoja wa mafuta na mchanga mwishoni mwa mtaro, unaosafishwa kwa ada ndogo ya kibanda, na kuwaalika wakulima wa mpunga katika kikao kitakachopanga ada hiyo, kwa kuwa wao ndio watakaoona kwanza kama mtego umesafishwa au la.